Sikuwa Nimesinzia

Miezi minne mizima niliishi na maneno mawili: "Dereva alisinzia." Mwenye mzigo ndiye aliyeanza kuyasema. Yakarudiwa stendi ya Mombo, yakapanda mlima hadi Soni, yakamfikia mama watoto sokoni kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani. Dada yangu, ambaye mwanawe alivunjika mguu ndani ya gari langu, hakuniuliza hata siku moja kama kweli nilisinzia. Laiti angeuliza, ningemjibu. Kunyamaza kwake ndiko kulikonikaa kifuani.

Nashuhudia haya kwa sababu wako madereva ambao usiku wa leo wanaendesha gari lenye taa kama zilivyokuwa zangu: mchana gereji zinawaka, fundi anatikisa kichwa anasema hakuna tatizo, na usiku mlimani ndipo zinapoonyesha ugonjwa wao.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kijapani ya mwaka 1994. Niliinunua kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, mama watoto akiwa mdhamini wangu. Kazi yake ilikuwa mboga. Mchana nazunguka Lukozi, Malindi na vijiji vya jirani, napakia matenga ya nyanya, magunia ya karoti na kabeji. Jioni nateremka Lushoto, Soni, hadi Mombo kwenye barabara kuu, ambako Fuso za Dar es Salaam zinasubiri. Mboga husafiri usiku ili zifike sokoni kabla hakujapambazuka, kwa hiyo dereva wa mboga wa Usambara, apende asipende, ni dereva wa usiku. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 30 na kidogo, lakini ndani ya kilomita hizo unashuka karibu mita elfu moja, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Wakati wa masika kuna ukungu juu ya hayo yote.

Ugonjwa ulianza polepole. Taa zikawa za njano, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikadhani betri, nikanunua betri. Zikapata nguvu siku mbili tatu, zikarudi palepale. Nikaenda kwa fundi umeme. Akachomoa soketi nyuma ya globu, akachomeka testa yake, kitaa kidogo kikawaka. "Moto unafika," akasema, akaniuzia globu mpya. Nilimwamini, na kwa kile alichokiona hakukosea: moto ulikuwa unafika. Ila testa ni kitaa kinachokunywa umeme kidogo sana. Kwa kiu ndogo kama ile, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja unatosheleza. Globu ya wati 55 inataka karibu ampea 5, na ziko mbili. Ni sawa na bomba lililoziba: ukifungua kidogo linatoa tone na unasema maji yapo, ukiweka ndoo ndipo unajua.

Fundi wa pili alisema gari halina ethi nzuri, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hapo alikaribia ukweli kuliko wote, na ninamkumbuka kwa heshima. Tatizo ni kwamba alichukua waya kutoka kwenye bodi akaufunga kwenye ule mguu wa globu ambao katika magari mengine ndio wa ethi. Alipowasha tu, fyuzi zikaruka. Akauondoa waya wake, lakini kwa kuwa hakuwa na fyuzi nyingine, akazungushia nyuzi za shaba mahali pa fyuzi, akaniambia nitanunua kesho. Kesho hiyo sikununua. Nilikuwa na mzigo.

Wa tatu aliniambia dawa ni globu kubwa, zile za wati 100 kwa 90, yaani 100 kwa fuli, mwanga wa mbali, na 90 kwa dimu, mwanga wa karibu. Usiku wa kwanza niliona tofauti kidogo, nikafurahi. Wiki ya pili nikasikia harufu ya plastiki. Soketi ya kushoto ilikuwa imelainika na kuwa kahawia. Leo naweza kueleza kwa nini: umeme ukipita kwa wingi mara moja na nusu kwenye kiungo kibovu, joto la kiungo kile huongezeka zaidi ya mara mbili. Globu zile zilikuwa zinaupika ugonjwa. Nilizitoa, nikarudisha za 60 kwa 55.

Ilikuwa Aprili 2016, siku ya tatu ya mvua isiyokatika. Nilikuwa na matenga 20 ya nyanya, na pembeni yangu mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliyekuwa utingo wangu tangu amalize shule. Tulikuwa tumeshaipita Soni. Taa zikafifia, zikarudi. Kona ya mbele zikafifia tena. Akasema, "Mjomba, taa." Nikamjibu, naziona. Nikapunguza mwendo nikiwaza kwamba Mombo si mbali, nikifika nitamtafuta fundi. Ndipo zikazimika zote mbili kwa mpigo.

Taa ndogo za paki zilibaki. Dashibodi ilibaki inawaka, redio iliendelea kuimba. Mbele yangu hakukuwa na barabara. Nilivuta mkono wa swichi kwenda fuli, kimya. Kwa sekunde moja au mbili niliikumbuka kona inakoelekea, baada ya hapo sikuikumbuka tena. Nikaliegemeza gari kwenye mwamba kwa makusudi, maana mwamba ungetusimamisha, na korongo lisingetusimamisha.

Mwamba ulitusimamisha. Ulikunja mlango wa upande wa mpwa wangu na kuubana mguu wake chini ya goti. Matenga yalimwagika barabarani. Taa moja ilipasuka. Trafiki alipofika aliingiza mkono dirishani, akazungusha swichi, na ile taa iliyobaki ikawaka. Ikawaka vizuri kabisa. Alinitazama bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia. Watu waliokuwa wamesimama pale kwenye mvua waliiona taa ikiwaka. Hapo ndipo yale maneno mawili yalipozaliwa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana kila aliyeanguka anayajua. Nililipa faini. Mwenye mzigo alitaka fedha ya matenga yake yote, na ilikuwa haki yake. Kikundi kilitaka marejesho ya kila wiki. Mama watoto aliuza cherehani yake. Aliifuta vumbi vizuri kabla ya kuikabidhi, akaifunga na kitambaa chake, akarudi ndani akapika kama kawaida. Mimi niligeuka mpakiaji wa magunia kwenye magari ya wenzangu. Fundi bodi alininyooshea pikapu kwa mkopo, nikaiegesha chini ya mpera, ikakaa. Hakuna aliyetaka kumpa mzigo dereva anayesinzia.

Jambo nililolificha ni hili: nilianza kuwaamini. Mtu akiambiwa kitu kimoja na kila mtu, na taa yenyewe ikamshuhudia kinyume mbele ya askari, inafika saa nane ya usiku anajiuliza kama kweli macho yake yalikuwa wazi. Nikipewa lifti usiku, viganja vilitoa jasho kila tulipokaribia kona. Nilikuwa nafumba macho na kujaribu kuikumbuka sauti ya mpwa wangu ikisema "Mjomba, taa," ili niwe na hakika kwamba iliwahi kusemwa.

Agosti redio ya nyumbani ilinyamaza. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio Soni, kwenye kibanda cha mbao kilichojaa spika na bodi za televisheni. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaifungua huku tunazungumza. Alikuwa amesikia habari zangu. Ila yeye hakuniuliza kama nililala. Aliuliza hivi: "Zilizimika moja baada ya nyingine, au zote pamoja?"

Nilimwangalia. Miezi minne, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza taa zilizimikaje.

"Zote pamoja, mzee."

"Na zile ndogo?"

"Zilibaki."

"Ulipobadili kwenda fuli?"

"Hakuna kitu."

Aliivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Basi achana na globu. Globu mbili haziungui sekunde moja. Kila taa ina fyuzi yake?" Nikamwambia ndiyo. "Fyuzi mbili nazo hazikatiki sekunde moja. Betri ilikuwepo, maana zile ndogo zilibaki. Tafuta mahali ambapo kushoto na kulia, dimu na fuli, vyote vinapita njia moja. Hapo ndipo palipokatika."

Yule mzee hajawahi kuendesha gari. Ninasema hivi nikimheshimu, kwa sababu kile alichokuwa nacho wengine hawakuwa nacho: mazoea ya kuuliza ugonjwa una tabia gani kabla ya kushika bisibisi. Redio mbovu haimwelezi fundi kitu kwa kutazamwa. Lazima iwe inafanya kazi, na ipimwe ikiwa inafanya kazi.

Tulikubaliana Jumamosi jioni, nyumbani kwa dada, kwa sababu mpwa wangu alikuwa bado anatembea kwa magongo na alisema hawezi kukosa. Nikaisukuma pikapu hadi uani kwa msaada wa vijana, tukaielekeza kwenye ukuta wa nyumba. Dada alitoka, akatusalimia, akarudi jikoni.

Mzee alikuja na mita yake ndani ya mfuko wa rambo. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, nzuri. Injini ikiwaka, 13.9, maana yake alteneta inachaji. Akaniambia niwashe taa, zikawaka ukutani, njano ileile. Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje, kazi yake ni swichi. Mzee akachomeka ncha mbili za mita nyuma ya globu, soketi ikiwa mahali pake na taa ikiwaka.

"Tisa nukta sita," akasoma.

Betri inatoa 13.9, taa inapokea 9.6. Volti 4.3 zimepotea njiani. Alinieleza kwamba globu ni kitu chenye wivu: ukiipunguzia volti asilimia 10, haipunguzi mwanga asilimia 10, inapunguza karibu 30. Kwa volti 9.6 nilikuwa naendesha na thuluthi hivi ya mwanga wangu, nikiteremka mlima ule kila usiku. Mafundi wote watatu walizipima taa zangu, lakini walipima kama umeme upo. Hakuna aliyepima unabaki kiasi gani pale globu inapokunywa.

Kisha akanionyesha kitu ambacho nimekifanya tangu siku ile kwenye kila gari ninaloombwa kulitazama. Mita haipimi tu betri. Ukiweka ncha moja mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya huohuo, taa ikiwaka, inakwambia waya ule umekula volti ngapi. Waya mzima hauli kitu, mita inakaribia sifuri. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mguu wa globu unaopokea moto: 1.1. Ncha moja kwenye mguu wa dimu, nyingine kwenye hasi ya betri: 3.2. Jumlisha, ni 4.3. Hesabu ilifunga kama daftari la duka. Nilihisi kitu kifuani kikilegea kidogo, na bado hatujafungua hata nati moja.

Kwa hiyo ugonjwa mkubwa ulikuwa upande wa ethi. Na hapa ndipo palipompoteza fundi wa pili. Katika magari mengi, swichi hukata moto, na ethi inafungwa palepale karibu na taa. Lakini magari mengi ya Kijapani ya miaka ile yamefungwa kinyume. Moto unapita kwenye relei, ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo, na kwenye fyuzi, unafika moja kwa moja kwenye ule mguu wa globu ambao dimu na fuli zinautumia pamoja. Kinachochagua dimu au fuli ni upande wa hasi: umeme ukishatoka kwenye globu unarudi hadi swichi ya usukani, unapita ndani yake, ndipo unashuka kwenye bodi chini ya dashibodi. Kushoto na kulia, dimu na fuli, vyote vinatua kwenye bolti moja. Fundi akifunga ethi kwenye ule mguu wa pamoja, ameunganisha chanya na hasi, na fyuzi lazima iruke. Kama una pikapu au basi dogo la umri huo, tafadhali mwambie fundi wako jambo hili kabla hajaanza.

Tukaufuata waya ule kipande kwa kipande. Kutoka kwenye taa hadi swichi, 0.2. Ndani ya swichi yenyewe, 0.9, vidole vyake vilikuwa vimeungua kwa miaka ya kubeba mzigo wote. Kutoka kwenye bodi hadi hasi ya betri, 0.1. Kilichobaki kilikuwa mahali waya mweusi unapofungwa kwenye bodi, karibu na mguu wa kulia wa dereva, nyuma ya kile kifuniko cha plastiki. Nililala chali chini ya dashibodi nikaishikilia ncha kwenye kichwa cha bolti, nyingine kwenye chuma kitupu nilichokikwangua.

"Mbili kamili," mzee akasema kutoka nje. Halafu: "Zidisha. Volti 2, ampea 8. Wati 16." Akatoa mfukoni chuma chake cha kuchomelea risasi akanionyesha kimeandikwa wati 25. "Bolti yako inakaribia kuwa chuma changu."

Niliigusa. Ilikuwa ya moto. Chini yake pete ya waya ilikuwa na ungaunga wa kijani na kutu, na juu yake, kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kulikuwa na mfereji mwembamba wa vumbi lililokaukia. Raba ya kioo ilikuwa inavuja. Kila masika maji yalishuka nguzo ile na kudondokea palepale. Mvua, joto, kutu, mtikisiko wa kona. Mlolongo wote ulikuwa mbele yangu, na nilikuwa nimekaa juu yake miaka mitatu.

Mzee akamwambia mpwa wangu, "Ipige dashibodi kwa ngumi, pale karibu na mjomba wako."

Akapiga. Mita ikapanda hadi 5, ikashuka. Akapiga tena. Ikaruka ikasoma 13.8, na ukuta ukawa mweusi.

Taa za paki zilibaki. Dashibodi ilibaki. Hakuna aliyesema kitu. Kisha nikasikia sauti ya dada mlangoni, ameshika birika. "Zimezimika zenyewe?"

"Zenyewe, mama," mpwa wangu akajibu. "Ndivyo zilivyozimika. Hivihivi."

Nilikuwa bado chali chini ya dashibodi, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa kule, maana uso wangu haukuwa wa kuonekana. Dada alikaa muda mlangoni. Halafu akaja, akainama hadi akaniona, akasema, "Kaka, toka huko uje unywe chai." Ni maneno hayo tu. Lakini tangu Aprili alikuwa ananiita kwa jina.

Matengenezo yalichukua Jumapili nzima. Bolti ya spana namba 10 ilikatika, tukatoboa tundu jipya, tukasugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, tukafunga pete mpya iliyochomelewa kwa risasi, tukapaka grisi baada ya kukaza. Mzee hakuridhika na bodi peke yake. Tukavuta waya mnene kutoka pale hadi hasi ya betri. Upande wa moto, ile 1.1 iliyopotea ilikuwa kwenye nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, na kwenye zile nyuzi za shaba mahali pa fyuzi. Nilipozitoa zilikuwa nyeusi. Nimezihifadhi. Fyuzi ni kipande cha gari kilichokubali kufa ili gari lisiungue, na nilikuwa nimekinyima kazi yake huku nimebeba mtoto wa dada yangu.

Kisha tukafunga relei mbili karibu na betri, moja ya dimu na moja ya fuli, kila njia na fyuzi yake mwanzoni kabisa. Soketi ya zamani ya taa haikuwasha globu tena, iliamsha relei tu, na relei inakunywa chini ya robo ampea. Swichi yangu iliyoungua ikapumzika. Globu zikabaki zile za 60 kwa 55. Kuna waliosema niweke zile za LED nyeupe zinazouzwa barabarani. Sikuziweka. Kioo cha taa kimechongwa kwa ajili ya uzi wa globu ulioko mahali fulani hasa. Ukiweka mwanga unaotoka pengine, unamwagikia machoni mwa anayepanda. Nilishajua maana ya kutoona barabara, sikutaka kumpa mwingine.

Jioni tukapima. Betri 13.9. Globu ya kulia 13.5, ya kushoto 13.5. Ukuta wa dada ulikuwa mweupe, ungeweza kuhesabu nyufa zake. Mpwa wangu alipiga dashibodi kwa ngumi mara nyingi kuliko alivyoambiwa.

Sikumpelekea mwenye mzigo mita wala maelezo. Nilimpelekea bolti na pete ya kijani ndani ya karatasi, pamoja na fedha ya marejesho ya mwezi ule. Aliigeuza kwenye kiganja, akauliza mbona ndogo hivi. Akakaa kimya. Akasema kuna matenga matano ya hoho Alhamisi, kama gari linatembea. Deni alilipokea hadi senti ya mwisho, na sikumwomba apunguze. Cherehani ya mama watoto ilirudi mwaka uliofuata.

Alhamisi ilikuwa Septemba, hakuna mvua, lakini ukungu ulikuwepo. Nilikwenda kumuaga mpwa wangu nikamkuta amekaa barazani na fimbo yake moja, ameshavaa koti. Dada alikuwa amemfungia chapati kwenye mfuko, za watu wawili. Mzee wa redio alikuwa ametuazima mita, na tulikuwa tumevuta nyaya mbili ndefu kutoka nyuma ya globu, zikapita dirishani hadi ndani. Mpwa wangu aliishika mita mapajani, kioo chake kikiwa kijani kidogo gizani.

Nilisoma dua ya safari pale Soni, nikawasha taa, nikaanza kushuka. Viganja vilikuwa na jasho kama kawaida. Sikumwambia. Yeye bila kuulizwa akaanza kusoma, sauti ya chini, kila tulipokaribia kona.

"Kumi na tatu nukta tano."

Kona.

"Kumi na tatu nukta tano."

Tulifika kwenye ule mwamba. Alama ya rangi ya pikapu ilikuwa bado ubavuni mwake, nyekundu, taa zikaiangaza yote. Nilimsikia akivuta pumzi na kuikaza fimbo yake sakafuni.

"Kumi na tatu nukta tano, mjomba."

Nikakata kona.